Maporomoko ya Studio

"Kaa hapo hapo, usitikisike!" Fleshi alipaza sauti, akabonyeza kitufe cha kamera, akatimua mbio.

Kutoka mlango wa jiko, iliposimama kamera juu ya miguu yake mitatu, mpaka kwenye benchi la uani hapakuwa mbali. Kijana angefika na kupiga mwayo. Lakini Fleshi hakuwa kijana, na kamera ilikuwa ikimhesabia ti, ti, ti bila huruma. Akaruka ndoo, ndala moja ikamvuka, akageuka kuitazama, na hapo hapo kamera ikalia: kwa!

Waliiangalia ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ilionyesha mama mmoja amekaa kwa heshima zake, mikono mapajani, na kando yake kisigino.

"Hiki kisigino kiweke," mkewe alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Kipande cha jana kilikuwa mkono wa shati. Nikipata na goti nitaviunga, nipate mume mzima."

"Cheka tu. Kule kwenye maporomoko ya maji pako tambarare, nitakimbia bila matatizo."

"Umefika lini huko ukajua pako tambarare?"

Fleshi akaenda kuiokota ndala yake, maana hakuwahi kufika. Nusu ya mji ilikuwa imepigwa picha mbele ya maporomoko yake, wachumba, wahitimu, watoto wa arobaini, lakini hayo yalikuwa ya pazia la studio yake. Aliyachora fundi wa mabango kutoka kwenye kalenda, na pale pembeni aliongeza ndege kwa hiari yake, ndege mwenyewe akatoka mkubwa kuliko mbuzi. Mwenye studio hakuwahi kuyaona maji halisi, wala mkewe.

Mke huyo mtaani walimwita Mama Pindo. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Ni kwamba hakuna fundi cherehani aliyekunja pindo likanyooka kama yeye. Naye Fleshi aliitwa hivyo kwa sababu ya taa yake ya kamera, na hivi sasa hata barua za serikali zilimfikia kwa jina hilo.

Safari ilikuwa keshokutwa, Alhamisi alfajiri. Walikuwa wanakwenda mbali kote huko kwa ajili ya picha moja tu.

Waswahili husema kinyozi hajinyoi. Siku ya harusi yao, Fleshi hakumwona mtu wa kumwamini na kamera yake, akaipiga harusi yake mwenyewe. "Shika nafasi yangu hapo nipime mwanga," alimwambia mdogo wake. Mdogo mtu akashika. Mwanga ukapimwa, ukapimwa tena, na picha kubwa iliyotundikwa sebuleni miaka yote hii ni ya bibi harusi na shemeji yake. Mtaa ulimpa shemeji jina la Bwana Harusi, na jina likamganda. Na simu za siku hizi hazikusaidia kitu. Mtu akiinua simu kuwapiga, Fleshi huanza: "Mwanga uko huku, rudi nyuma, siyo hivyo, hebu lete," na kufumba na kufumbua simu iko mkononi mwake na yeye hayumo.

Mama Pindo alikuwa akilicheka jambo hilo pamoja na watu. Mpaka likizo iliyopita, mjukuu wao aliposimama mbele ya ile picha, akauliza, "Bibi, kumbe babu zamani alikuwa mrefu?" Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Yeye naye alicheka, kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake, na uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Lilimuuma, tena sana, akashangaa lilikuwa limejificha wapi siku zote.

"Nataka picha yangu na wewe," alimwambia mumewe jioni ile. "Moja. Nikifa leo, watu watampa shemeji mkono wa pole."

Fleshi alimtazama, akaona kwamba hapo hapakuwa na utani. Akaapa. Wangekwenda kwenye maporomoko yenyewe, kwenye mwanga wa kweli, na kamera ingejibonyeza.

Walijinyima, wakakata tiketi. Mama Pindo alishona gauni la manjano na shati la mumewe lenye kola ya kitambaa kile kile, halafu akashona mkoba wa kamera wenye vifuko vingi vya ndani, kimoja cha kila kidude.

*

Jumatano asubuhi Fleshi alifunga studio, akatundika kibao cha "Tumesafiri" hata kabla ya kusafiri. Mama Pindo alikuwa akipiga pasi lile gauni aliposikia hodi mlangoni, hodi ya mtu anayezungumza kana kwamba laini ni mbaya.

"Karibu, Bi Simu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Fleshi yuko wapi? Nimekuta kufuli!"

Bi Simu alikuwa mwendesha mitambo ya simu enzi zile mtu alipopiga posta kwanza, akaomba kuunganishwa. Mashine zilipokuja alistaafu, ila sauti yake haikustaafu. Alikaa kitini, akavua viatu, akaeleza huku akihema. Ofisi ya pensheni ilikuwa imetangaza kwamba kila mstaafu alete picha mpya kabla ya Ijumaa jioni. Asiyeleta, malipo yanasimama mpaka ahakikiwe upya.

"Na kuhakikiwa tunakujua," alisema. "Jirani yangu walimhakiki mpaka akafa. Sasa jana nimekwenda kwa yule kijana wa stendi. Kwanza kapandisha bei, kaona wazee wamebanwa. Kanipiga. Nafika ofisini, karani anaitazama, anasema, 'Bibi, hapa kuna sikio moja. Nenda ukalete la pili.' Mbele za watu! Wakacheka."

"Pole sana, mama," Fleshi alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, shati lenye kola ya manjano begani. "Lakini sisi kesho alfajiri tunaondoka. Nimemwapia mwenzangu."

Aliyasema hayo akiviangalia vidole vyake vya miguu. Mama Pindo alimjua mumewe. Laiti angebisha, laiti angesema "wazee hawa, mke wangu", wangegombana, naye angeshinda, safari ikaenda. Lakini Fleshi alikuwa ameamua kwa mara ya kwanza kutimiza neno lake, na kulitimiza kwenyewe kukamkalia mkewe kifuani kama gunia.

"Nakuja," akasema, akaiweka pasi kando, akatoka.

Studio ilikuwa upande wa barabarani wa nyumba ile ile. Kwenye ngazi zake walikuwa wamekaa wazee. Mmoja alivaa koti zito kwenye jua lile, jasho likimtiririka, maana alisikia picha ya serikali inataka heshima. Mmoja alikuwa akijichana kwa kitana kilichong'oka meno, akijitazama kwenye kioo cha dirisha ambamo maharusi wa Fleshi walikuwa wakitabasamu. Walipomwona Mama Pindo, waliinuka. Wote. Mwenye fimbo aliinuka kwa fimbo, asiye nayo akamshika mwenzake. Yeye ndiye aliyepaswa kuwaamkia, nao walimsimamia kama karani.

"Kaeni, wazee wangu, kaeni! Shikamooni! Mbona mnanitia dhambini?" alisema, akarudi ndani uso umemwiva kwa aibu.

"Fungua studio," akamwambia mumewe.

"Na safari?"

"Fungua kabla sijabadili nia."

Fleshi akatabasamu mpaka magego.

"Na usinichekee. Sijasema nimefurahi."

"Maporomoko yapo tu, mke wangu, hayahami. Mwezi ujao tu-"

"Huo mwezi ujao nimeolewa nao kabla sijaolewa na wewe. Picha yangu naidai pale pale. Shika funguo."

Gauni la manjano likarudi kwenye hanga. Alilitazama kidogo, akalifungia kabatini ili lisimtazame.

*

Balaa la kwanza lilikuwa kitambaa cheupe.

"Nyuma wanataka peupe," Fleshi alisema, akizunguka studio kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Kile kitambaa changu kilikuwa hapa kwenye kona, kimekunjwa. Mke wangu, umekiona?"

Mama Pindo akauangalia mkoba wa kamera. Fleshi naye akauangalia. Aliufungua, akaona bitana nyeupe na vifuko vyake vyeupe, kimoja cha kila kidude, mapindo yamenyooka kama rula.

"Si ulisema unataka vifuko vya ndani?"

"Vifuko, mama! Siyo studio nzima!"

Bi Simu, aliyekwisha kukalia kigoda cha kupigiwa picha asije akapokonywa zamu, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Pindo alitaka kukasirika akashindwa. Akazunguka nyuma ya pazia la maporomoko, akalipapasa. Mwaka ule paa lilipovuja na rangi ya pazia ikaanza kubanduka, ni yeye aliyelitilia bitana lisichanike. Bitana ya kitambaa cheupe, nzito, safi, haikuwahi kuona jua.

"Njoo tuligeuze," alisema.

Wakalitungua, wakaligeuza. Maporomoko yakaelekea ukutani pamoja na ndege wake, na wazee wakaanza kuingia.

Jioni ile Bwana Harusi alipita, mikono mfukoni, akijifanya ana shughuli nyingine. Wakala wa basi alikataa katakata kurudisha nauli, na habari ilikuwa imemfikia.

"Shemeji, nasikia kuna tiketi zimekosa watu. Mimi na mke wangu hatuna neno."

"Picha yangu ya harusi umo. Sasa na safari?"

"Mimi nashika nafasi tu, shemeji. Kaka akimaliza kupima mwanga atanikuta."

Mama Pindo alimrushia kipande cha chaki, kikampata kwenye paji la uso. Akampa tiketi. Alipoondoka nazo akasikia uchungu kidogo, lakini mzee wa koti alikuwa akimwita, ukosi umemkaba.

*

Alhamisi na Ijumaa zilikwenda bila mtu kuziona. Basi liliondoka alfajiri, Mama Pindo akalisikia honi yake akiwa anafagia studio. Foleni ilizunguka kona. Bei ilikuwa ile ile ya siku zote, kijana wa stendi akabaki kupunga nzi.

Kazi ya masikio ilikuwa yake. Alikaa kando ya kioo, pini za ushonaji mdomoni, akirudisha mitandio nyuma, akikunja kola, akifunga vifungo ambavyo vidole vya wenyewe havikuweza tena kuvifunga. Kwa asiye na koti kulikuwa na koti la studio. Alilipasua mgongoni zamani akalitia kamba, likamwenea kila mtu, mwembamba na mnene. Mbele waziri, nyuma hewa.

"Kidevu juu, mabega chini, usicheke," Fleshi aliimba wimbo wake.

"Nitaachaje kucheka na mgongo wangu unapigwa na upepo?" mzee mmoja aliuliza, na foleni nzima ikaangua kicheko, ikabidi wasubiri.

Akaja mwingine, akamnong'oneza Mama Pindo sikioni kwa haya nyingi. "Mwanangu, meno niyavae au nisiyavae?"

"Kwenye picha yao ya zamani ulikuwa nayo, baba?"

"Nilikuwa na yangu."

"Basi yavae. Hawatayajua."

Alikuwa amechoka, mgongo ukimwaka, na alikuwa na furaha. Hilo lilimshangaza. Miaka yote studio ilikuwa ya Fleshi, cherehani ilikuwa yake yeye, na ukuta katikati. Sasa aliona jinsi mumewe alivyochuchumaa mbele ya bibi asiyesikia vizuri, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kutazama, akamngojea bila kuguna mpaka uso ukatulia. Kumbe ndivyo alivyo huku, alijiambia. Akampenda upya, akamkasirikia papo hapo kwamba mtu huyo hayumo kwenye picha hata moja.

*

Ijumaa ofisi ilikuwa karibu kufungwa mwenye zamu ya mwisho alipoondoka na picha zake, akitembea haraka kuliko fimbo yake. Kukawa kimya. Fleshi akakaa kwenye kigoda, akajinyoosha, simu ikalia kengele ya ujumbe. Ni Bwana Harusi. Alikuwa ametuma picha: yeye na mkewe, wamejifunika makoti ya mvua, na nyuma yao ukungu mtupu kama moshi wa kuni mbichi.

"Maporomoko yako nyuma yetu," aliandika. "Tunayasikia."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Katikati ya kicheko Bi Simu akaingia bila hodi, mikono hewani.

"Imepita! Karani kayatazama masikio yangu kama anayanunua! Nikamwuliza, mwanangu, yametimia? Kasema yametimia. Nami nimekuja kuwashukuru, na soda naitaka."

Wakampa soda. Fleshi akaanza kukunja nyaya. Akaichukua kamera, akaanza kuipanga kwenye kifuko chake cheupe, na Mama Pindo akaona picha yake ikiingia mkobani pamoja nayo. Aliujua mwendo wa mambo. Kesho kutakuwa na harusi ya watu, keshokutwa mahafali, halafu mwezi ujao.

"Geuza pazia," akasema.

"La nini? Tumemaliza."

"Geuza."

Fleshi akamtazama, akaelewa. Wakaligeuza pamoja. Maji yakarudi, na ndege wake. Mama Pindo hakwenda kuvaa gauni la manjano. Aliogopa akiondoka tu mteja atatokea. Alikung'uta vipande vya uzi kifuani, akachomoa pini alizozichomeka begani, akasimama mahali pake.

Fleshi akatega kamera juu ya miguu mitatu, akabonyeza, akachomoka. Studio ilikuwa ndogo, hatua chache tu. Ti, ti, ti. Lakini hapo njiani lilikuwa limening'inia koti la studio, likamvaa kichwani, akapapasa hewa, na ile kwa! ikamkuta akiwa waziri asiye na uso. Alipojinasua aliukumba mguu mmoja wa kamera, yote mitatu ikalala chini, na kamera aliidaka ikiwa imebakiza kidogo tu ifike sakafuni.

"Lete hapa hicho kidude," Bi Simu alisema, akaweka soda chini. "Nitabonyeza mimi."

Fleshi aliishika kamera kwa mikono miwili. Mkanda wake alikwisha kuurudisha shingoni mwake, ulipokuwa tangu ujana.

"Mikono yake inatetemeka," alimnong'oneza mkewe.

"Mikono hiyo imeunganisha mji huu mzima," Mama Pindo alijibu, kwa sauti ya kawaida.

Alirudi mbele ya maporomoko akasimama, na kulia kwake akaacha nafasi ya mtu mmoja, ile ile aliyoiacha siku ya harusi. Aliitazama kamera wala hakumtazama mumewe.

Fleshi alisimama. Akaitazama ile nafasi. Kisha akainamisha kichwa, akauvua mkanda, akamvisha Bi Simu shingoni polepole kama anayemvisha shada.

"Kitufe hiki hapa," alisema. "Bonyeza taratibu. Usi-"

"Toka huku, nenda kwa mkeo."

Akaja. Akasimama kwenye nafasi yake, na hapo ikajulikana kwamba mtu huyu, aliyewasimamisha watu maisha yake yote, hakujua kusimama. Aliweka mikono nyuma, akaileta mbele, akaitia mfukoni.

"Nitazame wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kidevu juu!" Bi Simu alifoka. "Mabega chini! Na ucheke, usininunie! Haya, msikate, msikate, nawaunganisha-"

Kwa!

Watatu wakainamia kioo cha kamera. Sakafu ya studio ilikuwa mteremko. Mdomo wa ndege ulikuwa karibu kumdonoa Fleshi sikio, sikio lenyewe moja tu, na utosi wake ulikuwa umekatwa, mtu kazidi picha. Kamera hakuitazama. Alikuwa amemgeukia mkewe, amecheka, na mkono ule uliokosa pa kwenda ulikuwa umepata mkono mwingine. Mama Pindo hakukumbuka umefika saa ngapi.

Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Babu ni mrefu kweli," alisema. "Hata picha haikumtosha."

"Imelala upande," Fleshi alianza. "Turudie moja tu, nipime mwa-"

"Thubutu!" wanawake wakasema kwa pamoja.

*

Bwana Harusi aliporudi, alikuja na mkewe kuleta salamu na mafua waliyoyapata huko. Akaikuta ile picha mpya sebuleni, imetundikwa kando ya ile kubwa ya harusi. Akaitazama, akaguna.

"Kaka, nani katundika hivi? Fremu imepinda."

Akanyoosha mkono akaisawazisha, na papo hapo watu wawili waliomo ndani wakaegemea upande kama wanaotaka kuanguka. Mama Pindo alimchapa kidogo mkononi, akairudisha kama alivyoitundika, kona moja juu na nyingine chini, mpaka yeye na mumewe wakasimama wima.

"Iache hivyo hivyo, shemeji. Fremu ndiyo imepinda. Sisi tumenyooka."

Fleshi alikuwa mtu asiyeweza kukaa kwenye nyumba yenye picha iliyopinda. Hata msibani huinuka akairekebisha. Aliitazama kutoka kitini. Mkono wake ulianza kuinuka, kisha akautumia kuchukua kikombe chake cha chai.